Kipindi cha Michezo Ni Dawa Yetu, Turudishieni

Na Mwanachama, Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kwamba adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Nami nawaambia, adhabu ya siku zile aijuaye msichana aliyelala juu ya kitanda cha ghorofa saa kumi na moja alfajiri, magoti yamefika kifuani, kengele ya masomo ya asubuhi inalia, na kiranja wa bweni anagonga chuma cha kitanda kwa rula akiuliza kwani wewe ni nani hata usiamke. Najua baadhi yenu mmeshatazama huku na huku kabla ya kuendelea kusoma. Msione haya. Mlezi wa chama ameyasoma makala haya kabla yenu, na alichoniagiza ni kwamba niandike "hedhi" waziwazi, nisipitie vichochoroni. Basi nimeiandika.

Ninazungumzia yale maumivu ya chini ya kitovu yanayotujia mwezi baada ya mwezi. Mwenzetu anayetoka Kilifi huyaita chango, na tangu nilisikie neno hilo nimelipenda, kwa maana linasikika kama kitu kilicho hai kinachojikunjakunja ndani ya tumbo. Huanza kama mtu anayekamua nguo. Halafu hushuka mapajani, hupanda kiunoni, na wengine wetu hutapika hata uji ule wa asubuhi ambao hatujaunywa. Yupo aliyeanguka gwarideni mbele ya wageni. Huyo alikuwa mimi.

Dawa ya shule tunaijua sote. Unakwenda kwa matroni, unapewa vidonge viwili vyeupe, unaambiwa ukalale. Simlaumu matroni wetu, Mungu ambariki, kwa sababu ni mmoja na sisi ni mabweni sita. Lakini kulala huko nilikuhesabu. Nilipokuwa Kidato cha Kwanza nilikuwa nikichora mstari nyuma ya daftari la Jiografia kila siku niliyokosa darasa kwa ajili ya tumbo. Mwisho wa mwaka mistari ilikuwa kumi na minne. Kumbukeni hesabu hiyo, nitairudia.

Sasa sikilizeni kisa cha chakacha. Muhula wa pili wa Kidato cha Pili, mwalimu wa muziki alihitaji wachezaji wa ngoma kwa ajili ya tamasha za muziki. Mimi nilichaguliwa kwa sababu ya urefu tu, wala si ustadi, maana kiuno changu wakati huo kilikuwa kama mlingoti wa bendera. Rafiki yangu anayelala kitanda cha chini yangu naye alichaguliwa, tena yeye alikuwa fundi. Kila jioni kuanzia saa kumi na nusu hadi saa kumi na moja na robo tulifunga leso viunoni, tukazungusha nyonga mpaka jasho likatutoka nyuma ya masikio. Dakika arobaini na tano, siku tano kwa wiki. Mwalimu hakuwa na huruma hata chembe.

Mwezi wa kwanza hapakuwa na badiliko. Mwezi wa pili maumivu yalikuja lakini yalikuja kwa adabu, kama mgeni aliyebisha hodi. Mwezi wa tatu, ilikuwa Alhamisi nadhani, nilikuwa nimeketi darasani nikinakili maswali ya Kemia ndipo nikagutuka: loo! Leo ni siku ya pili na sijaenda kwa matroni. Nilitaka kumwambia mtu lakini ilikuwa kipindi cha Kemia.

Tulibwagwa mapema katika tamasha hizo (waliotushinda walistahili, ingawa ngoma yao haikuwa na chumvi). Mazoezi yakaisha. Muhula wa tatu ulipofika nilirudi kitandani, magoti kifuani, kama kwamba chakacha haikuwahi kuwako.

Nilipomsimulia mwalimu wetu wa Biolojia alicheka, akasema mtu mmoja si utafiti. Maneno hayo yaliniudhi, lakini ni kweli. Basi nikaomba ruhusa ya kutumia kompyuta ya maktaba, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kila mwezi ule utando laini wa ndani ya mji wa mimba, ukikosa mimba ya kulea, hujibandua. Wakati huo hutoa kemikali ziitwazo prostaglandini. Kemikali hizo huiamrisha misuli ya mji wa mimba ijikaze ili kuisukuma damu nje. Zikizidi, misuli hujikaza mno hata ikaibana mishipa yake yenyewe ya damu, ikakosa oksijeni, na msuli uliokosa oksijeni huuma. Aliyewahi kushikwa na msuli wa mguu usiku wa manane anajua ninachosema. Hapo hapo niwape kichekesho: jina prostaglandini lilitolewa mwaka 1935 na mwanasayansi wa Uswidi, Ulf von Euler, aliyedhani kwamba kemikali hizo hutoka katika tezi ya wanaume iitwayo prosteti. Yaani hata jina la maumivu yetu tumeazimwa na wanaume!

Vidonge vya ibuprofeni hupunguza utengenezaji wa kemikali hizo, ndiyo sababu huwafaa wengi kuliko vile vidonge vyeupe vya kawaida. Hata hivyo havimfai kila mtu, kwa mfano mwenye vidonda vya tumbo, kwa hiyo usimeze kabla ya kumwuliza muuguzi. Maji moto juu ya tumbo nayo husaidia, na hilo nyanya zetu walilijua zamani bila kusoma Biolojia.

Je, mazoezi? Mwaka 2019 Cochrane, ambao kazi yao ni kukusanya tafiti za tiba kutoka kila pembe ya dunia na kuzipima, walichapisha mapitio ya tafiti 12 zilizohusu wanawake 854 wenye maumivu haya. Waliofanya mazoezi kwa dakika 45 hadi 60, mara tatu au zaidi kwa wiki, maumivu yao yalipungua kwa takriban alama 25 katika kipimo cha alama 100, wakilinganishwa na wale ambao hawakufanya lolote. Hilo si jambo dogo. Mtu aliyekuwa kwenye sabini akashuka hadi arobaini na tano anaweza kuketi darasani. Tena haikujalisha kama mazoezi yalikuwa ya nguvu, kama yale ya kurukaruka kwa muziki, au ya polepole, kama yoga na kujinyoosha. Watafiti wenyewe walitahadharisha kwamba ushahidi huo bado hauna nguvu sana kwa sababu tafiti nyingi zilikuwa ndogo. Sawa. Mimi nisiye mtafiti ninauona unatosha kwa jambo ambalo halina gharama.

Lakini kiini cha makala haya hakimo katika tarakimu hizo. Kimo katika neno moja nililolipita mara ya kwanza, nikarudi kulisoma tena. Mazoezi hayo yalifanywa mwezi mzima. Katika baadhi ya tafiti wanawake waliambiwa hata wasifanye mazoezi siku zenyewe za hedhi! Kadhalika nchini Iran, utafiti uliochapishwa mwaka 2011 uliwahusu wanafunzi 92 wa umri wa miaka 18 hadi 22. Waliofundishwa mikao mitatu ya yoga, wa nyoka anayeinua kichwa, wa paka anayekunja mgongo na wa samaki, walitakiwa waifanye katika kile kipindi kinachotangulia hedhi, na maumivu yao yakapungua. Mnaona? Dawa hii hainywewi siku ya kuugua. Hunywewa siku ambazo huumwi, wakati hata hukumbuki kwamba una mji wa mimba.

Hapa ndipo ninapowageukia walimu wetu wapendwa, kwa heshima na taadhima. Ratiba iliyobandikwa ukutani inaonyesha vipindi viwili vya mazoezi ya viungo kila wiki. Tangu nijiunge na shule za upili sijui kama vimefika vitano kwa muhula. Kengele inalia, tunavua sweta, na mara mwalimu wa somo fulani la mtihani anaingia na karatasi za maswali: "Leo tumalizie mada ile." Kwa kuwa mazoezi ya viungo hayatahiniwi katika KCSE, hakuna wa kuyatetea. Hata sisi wenyewe tumeshirikiana na wezi. Saa ya michezo ya jioni inapofika, nusu yetu tuko chini ya mwarobaini na vitabu, na nusu nyingine tunafua soksi.

Haya, turudi kwenye mistari yangu kumi na minne. Siku kumi na nne mara vipindi vinane ni vipindi 112 nilivyopoteza kwa mwaka mmoja. Vipindi viwili vya mazoezi kwa wiki, tuseme wiki 36 za masomo, ni vipindi 72. Kwa hiyo hata kama vyote 72 viliibwa ili nipate Hesabu zaidi, bado shule ilitoka na hasara ya vipindi 40 kwangu mimi peke yangu. Mwalimu wa Hesabu anisahihishe nikikosea. Sisemi kwamba michezo ingaliniokolea vyote. Nasema biashara hii haina faida kama tunavyodhani.

Wapo watakaosema: "Nyinyi wasichana ndio mnaokimbia michezo, mkiambiwa mkimbie mnashika tumbo." Ni kweli, na sababu zipo. Ya kwanza ni sketi ya michezo. Sketi yetu ni nyeupe. Nani aliyechagua nyeupe? Hata Wimbledon, ambako sheria ya mavazi meupe ni kama maandiko matakatifu, mwaka 2023 walianza kuwaruhusu wanawake kuvaa kaptura za rangi nyeusi ndani ya sketi zao, na sababu ilikuwa hii hii ya hedhi. Kama Waingereza wa Wimbledon wameweza, kamati yetu ya sare haiwezi kufikiria bluu?

Sababu ya pili ni sodo na maji. Kenya iliondoa ushuru wa VAT kwa sodo mwaka 2004, na mwaka 2017 Sheria ya Elimu ya Msingi ilirekebishwa ili kila msichana aliyebaleghe anayesoma katika shule ya umma apewe sodo za kutosha bila malipo. Sheria ni nzuri mno kuisoma. Lakini msichana anayehesabu vipande vitatu vilivyobaki hadi wiki ijayo hatakimbia uwanjani akatoke jasho bure, na mifereji ya bafuni ikikauka saa kumi na mbili jioni hawezi kuoga baada ya kukimbia. Anayetaka tucheze na atufungulie maji kwanza.

Ya tatu ni imani. Kuna wanaoamini kwamba ukikimbia ukiwa mwezini utaharibu kizazi, au damu haitakatika. Oktoba 2002, katika mbio za Chicago, Paula Radcliffe wa Uingereza alikimbia marathoni kwa saa 2, dakika 17 na sekunde 18, akavunja rekodi ya dunia iliyokuwa ya Catherine Ndereba wetu, ambaye siku hiyo alikuwa wa pili. Radcliffe amesimulia kwamba alimaliza mbio hizo tumbo la hedhi likimsokota. Baadaye alizaa watoto wawili. Simtoi kama mfano wa kuigwa na kila mtu, sembuse mimi ninayeishiwa na pumzi kwenye ngazi za maabara. Namtoa tu ili hiyo hofu ya kizazi iondoke.

Sasa nifike mahali ambapo kalamu yangu ni nzito.

Yule rafiki yangu wa kitanda cha chini, fundi wa chakacha, alicheza siku zote nilizocheza mimi. Alitoka jasho nililotoka. Lakini kwake mambo hayakupungua. Yaliongezeka. Mimi nilikuwa nimelewa ushindi wangu. Kila alipojikunja nilimwambia, "Hujitahidi vya kutosha. Zungusha kiuno. Usilale, kulala ndiko kunakuumiza." Siku moja nilimvuta mkono ili ashuke kitandani tukanyooshe viungo, akalia. Nikamwona mvivu. Naandika haya kwa ruhusa yake, na ameniambia niyaandike yote. Mwalimu mmoja naye alikuwa amemwambia kwamba anajifanya, lakini mwalimu huyo hakuwa rafiki yake. Mimi nilikuwa.

Muhula uliofuata wazazi wake walimchukua wakampeleka hospitali, na baada ya kuzungushwa huku na kule akaambiwa ana endometriosi. Huu ni ugonjwa ambao utando unaofanana na ule wa ndani ya mji wa mimba huota mahali pengine mwilini, kama vile nje ya mji wa mimba au kwenye matumbo. Chakacha haiwezi kuung'oa. Wakenya wengi walilisikia jina la ugonjwa huu kutoka kwa mtangazaji Njambi Koikai, ambaye maumivu yake yalianza akiwa msichana wa shule, ugonjwa ukamfika hadi mapafuni, akaenda kutibiwa Marekani, na kwa miaka mingi akausema hadharani ili wengine wasidharauliwe. Alifariki Juni 2024.

Kwa hiyo mtu akija kwako na kusema mazoezi hayamsaidii, mwamini. Maumivu yanayozidi mwezi hadi mwezi, yanayobaki hata damu ikiisha, yanayokuja wakati usio wa hedhi au ukienda haja, damu inayojaza sodo kwa saa moja au mbili tu, kuzirai, dawa kutofua dafu: hayo si ya kuchezewa ngoma. Ni ya daktari, na daktari wa kwanza akikwambia ni kawaida ya wanawake, muulize mwingine. Na walimu, nawasihi, yale niliyoyataja juu ya mazoezi msiyageuze kuwa fimbo. Asije mtu akasimama bwenini na kusema, "Si mliandika wenyewe kwamba dawa ni kukimbia? Amka ukimbie!" Sikuandika hivyo. Niliandika kwamba dawa ni kukimbia wiki iliyopita, na wiki ile nyingine, katika kipindi kilichochukuliwa.

Siku zenyewe za maumivu kila mtu aachiwe ajue mwili wake. Mimi hutembea polepole kuzunguka uwanja mara mbili, halafu hulala chali, magoti nimeyakunja, mkono juu ya tumbo, navuta pumzi mpaka mkono uinuke, kisha naishusha taratibu. Zoezi linalofanana na hilo lilifundishwa mwanzoni mwa karne ya 20 na daktari Clelia Mosher kwa wanafunzi wa kike wa Chuo Kikuu cha Stanford, enzi ambazo wengi waliamini mwanamke aliye mwezini ni mgonjwa wa kulazwa. Huniliwaza, hata kama halinimalizii. Mwingine hupiga magoti kama anayesujudu akabaki hapo, na mwingine hataki kuguswa wala kusemeshwa. Sawa pia.

Ninachoomba ni kidogo. Vipindi viwili vya ratiba viheshimiwe kama Kiingereza kinavyoheshimiwa. Jioni moja katika wiki maktaba ifungwe saa ya michezo ili tusiwe na pa kujificha. Sketi iwe ya rangi ya giza. Maji.

Tukingoja majibu, sisi kumi na mmoja tumekwisha kuanza. Tunakutana nyuma ya kamba za kuanikia nguo kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa kumi na nusu jioni. Hatuna redio, tuna ndoo. Njoo na leso, kwa sababu nyasi za kule zinawasha, na usijali kama kiuno chako ni kigumu, cha kwangu kilikuwa kigumu kuliko chako. Rafiki yangu hachezi siku hizi mpaka daktari amruhusu. Yeye ndiye mpiga ndoo wetu, na akiongeza kasi hakuna anayepumzika.